Malalamiko: karafuu mliyoitangaza haimo kwenye marashi

Mji Mkongwe,
Unguja.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MARASHI YA MCHANGANYIKO WA ZANZIBAR NA GRASSE

Salamu kwako na kwa wenzako wa dukani. Nawaandikia kuhusu chupa niliyonunua kwenu hapa Mji Mkongwe, yale marashi mnayoyanadi kuwa yameunganisha manukato ya Zanzibar na ya Grasse, mji wa watengeneza marashi huko Ufaransa. Nimeyapaka mwilini, nimeyatia kwenye nguo, nimesoma kijikaratasi chote pamoja na maandishi madogo yaliyo chini ya sanduku. Upande wa Grasse umo ndani ya chupa. Upande wetu umeishia kwenye karatasi, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na karafuu, maana ushahidi mmeuchapa wenyewe. Kijikaratasi kinasema moyo wa marashi haya ni karafuu ya Pemba. Sanduku nalo linaonyesha kuwa yametengenezwa Ufaransa kwa kanuni za Umoja wa Ulaya. Kanuni hizo, tangu mwaka 2005, zinamtaka mtengenezaji ataje kwa jina viini kadhaa vya harufu vinavyoweza kuwadhuru watu wenye mzio, pindi vinapozidi asilimia 0.001 katika kitu kinachopakwa na kuachwa mwilini. Eujenoli imo katika orodha hiyo, na kwa kawaida mafuta ya karafuu huwa na eujenoli zaidi ya asilimia 70, yawe ya karafuu zenyewe au ya makonyo, yaani vikonyo vyake. Kwenye sanduku lenu nimekuta linaloli, jeranioli na sitroneloli, majina yanayokwenda vizuri na waridi. Eujenoli haipo. Ama orodha yenu ina kasoro, na hapo mnahatarisha ngozi za wateja, ama karafuu iliyotiwa ni chache mno hata haikustahili kutajwa, sembuse kuitwa moyo. Naomba mniambie ni lipi kati ya hayo mawili.

La pili ni udi. Mmeandika "udi wa asili wa Zanzibar". Mimi napika udi wa harusi, kazi niliyorithi kwa bibi yangu mzaa mama, na nawaambia mti wa udi si wa visiwani kwetu. Hutoka Assam, Kambodia, Indonesia na nchi za huko. Mti ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo mbao zake hujaa utomvu mweusi wenye harufu. Miti hiyo imo chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa sababu imekatwa kupita kiasi, kwa hiyo mnunuzi ana kila haki ya kujua vipande vimetoka wapi.

Kilicho chetu ni upishi. Sukari huyeyushwa kwa mawaridi mpaka iwe shira, vipande vikatiwa humo, vikaongezwa miski, ambari na mafuta ya udi, na kila mpishi ana kipimo chake asichomwambia jirani. Ukiuweka juu ya kaa la moto kwenye chetezo, unapanda moshi mtamu, utamu wa sukari iliyokaribia kuungua, na huo ndio unaonasa kwenye nywele za bi harusi na kwenye buibui ukanukia hata kesho yake. Nimeutafuta moshi huo katika marashi yenu, sikuupata. Mwanzo linakuja waridi na asumini, safi kabisa, nayasifu bila kinyongo. Halafu hubaki harufu ya poda, na kufika adhuhuri nguo hainukii kitu.

Nilirudi dukani nikajibiwa kwa heshima kuwa hii ni tafsiri ya mchanganyaji, kwamba yeye ameeleza Zanzibar anavyoiona. Sikatai. Lakini mbona Grasse haikutafsiriwa? Kijikaratasi kimetaja waridi la Mei, kimetaja kwamba huchumwa asubuhi na mapema, kimetaja kuwa ujuzi wa Grasse uliingizwa na UNESCO katika urithi wa binadamu mwaka 2018. Yote hayo ni kweli na wanastahili. Sisi tumepewa "pumzi ya visiwa vya viungo". Hakuna neno kuhusu mchumaji wa Pemba anayepanda mkarafuu kuwahi matumba kabla hayajafunguka, wala kuhusu wanawake wanaotunga kikuba, kile kishada cha maua, kwa asumini, rihani, mkadi na mlangilangi. Wale wamepewa mashamba na majira, sisi tumepewa pumzi. Hilo limeniuma kuliko bei, na bei yenyewe si ndogo. Wengi hapa wangenunulia udi wa harusi nzima.

Sina ugomvi na wazo la kuchanganya. Pwani hii imechanganya siku zote: ubani wa Dhofar, mawaridi ya Oman, sandali ya Bara Hindi, na asumini ya uani. Niliponunua nilitamani mfanikiwe, ili siku moja mwanangu aone kazi ya bibi yake imewekwa sawa kwa sawa na kazi ya Wafaransa.

Naomba mnirudishie fedha zangu. Naomba pia kijikaratasi kisahihishwe: maneno "udi wa asili wa Zanzibar" yaondolewe, asili ya udi itajwe kama upo, na karafuu isiitwe moyo mpaka itiwe. Na kama mnakusudia kutengeneza toleo jingine, kaeni na wapika udi wa Unguja na wakulima wa Pemba kabla ya mchanganyo kufungwa, muwalipe kwa ujuzi wao kama mnavyomlipa mchanganyaji wenu.

Nasubiri jibu la maandishi, si la mdomo. Chupa na risiti ninazo, nitavileta mtakaponiita.

Wenu,
Mteja na mpika udi