Barua kwa mwanangu: karavani haikuvuja pale ulipopaka

Malindi, Jumapili baada ya Isha

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima. Dadako keshapona mafua, na kuku wa jirani wameanza tena kutagia chini ya karavani, hili trela letu la kupikia, nami najifanya sioni. Juzi uliniuliza kwa simu, "Mama, bado inavuja?" nikakujibu "kidogo," mara salio likaisha. Ndipo nimeshika kalamu, maana habari ya paa si ya dakika mbili.

Haikuwa kidogo. Mwezi wa 5, mvua ya mwaka ilipokolea, niliingia alfajiri kukanda mahamri nikakuta unga wa kilo mbili umekuwa uji ndani ya pakiti yake. Sufuria niliyoitega usiku imefurika. Nikakaa nikatazama juu, pale pembeni mwa kile kidirisha cha paani ulichokizungushia silikoni, ile gundi ya kuzibia, wakati wa likizo, nikasema: mwanangu kafanya kazi siku nzima juani, mbona maji hayana habari?

Sasa usinune. Silikoni yako ilishika vizuri tu. Ila ulipaka pale maji yalipotokea, na yalipoingilia ni kwengine kabisa.

Nilichukua daftari lako la kidato cha pili, lile lenye kurasa tupu nyuma, nikawa naandika kila mvua: imeanza saa ngapi, tone la kwanza limedondoka saa ngapi, upepo watoka wapi. Wiki mbili nzima. Wateja wa chai walinicheka, na mmoja wa tuktuk mpaka leo ananiita mama hali ya hewa. Lakini daftari lilisema. Mvua ya kushuka wima, isiyo na upepo, hata inyeshe saa nzima, ndani kukavu. Mvua inayokuja na kusi, hata ya robo saa, tone huanza baada ya dakika 20, na mvua ikishakatika linaendelea mpaka karibu na adhuhuri. Kama tundu lingekuwa kwenye kidirisha, maji yangedondoka papo hapo na kukoma papo hapo, wala yasingejali upepo. Haya yalikuwa maji yaliyosafiri.

Kulikuwa na siku tatu zilizonichanganya, maana hapakuwa na wingu hata moja na bado matone yalianguka. Nikadhani nimerogwa. Kumbe ni sufuria ya chai. Nikija alfajiri nafunga mlango kwa ajili ya mbu, nachemsha lita kumi, mvuke unapanda, unakutana na fremu baridi ya kidirisha, unageuka maji. Nilipoanza kufungua madirisha kabla ya kuwasha jiko, matone hayo yakaisha. Siku hizo tatu nikazifuta daftarini. Lakini fikiria, ningemwita fundi siku kama hiyo, angeziba nini?

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa mashua kule Matondoni, na sisi watoto tulikuwa tukimshikia taa. Kilichonijia kichwani ni jambo moja alilokuwa akilifanya. Chombo kikiingiza maji, ukiwa ndani huoni kitu ila maji ya ngama yamejikusanya chini, na maji ya ngama hayakwambii yametoka wapi, kwa sababu yamekwisha teremka kwenye mataruma, zile mbavu za chombo, na kupita chini ya mbao. Wenye chombo walikuwa wakimwonyesha pale palipolowa, yeye hasemi neno. Anasubiri maji ya bahari yatoke, chombo kimelala mchangani, halafu anamwaga maji ndani. Kisha anazunguka nje, amechutama, anatazama. Yalipoingilia ndipo yatakapotokea.

Basi nikaanza na mwinamo. Niliweka ndimu mezani, ikabingiria upande wa bara. Tangu tuinunue karavani kwa yule mzee wa Kiitaliano, gurudumu la upande huo limekuwa likizama mchangani pole pole. Kwa hiyo maji yakiingia upande wa bahari yatateremka kuelekea bara, juu ya dari, tusiyaone, mpaka yakutane na tundu la kwanza lililo wazi. Na tundu lililo katikati ya njia ni lipi? Kile kidirisha chako.

Hizi karavani za zamani za Ulaya zimeshonwa kama godoro: nje bati la alumini, katikati mifupa ya mbao na yale madonge meupe yanayokuja ndani ya boksi la televisheni, na ndani plaiwudi nyembamba. Maji yakipenya kwenye bati hayana haraka, yanafuata ubao. Na bati lenyewe huwa halitoboki ovyo. Penye kuvuja ni maungio: kingo, pembe, taa za ubavuni, madirisha, na kila mahali mtu alipopitisha skrubu. Paa linapokutana na ubavu, maungio hayo hufunikwa kwa reli ndefu ya alumini, ile ambayo wenyewe huchomeka turubai la kivuli. Nikaishuku reli ya upande wa bahari.

Mtoto wa jirani alinisaidia. Sikutumia mpira wenye nguvu, maana maji ya kusukumwa yatapenya hata pasipovuja. Tulitumia kopo na maji ya mtungi. Tulianza chini, kwenye fremu ya dirisha, kopo baada ya kopo, dakika kumi. Kukavu. Tukapanda kwenye taa. Kukavu. Ukianza juu, maji yanateremka na kulowesha kila kitu, humjui mkosa. Ndani nilikuwa nimebandua ule utepe wa plaiwudi wa pembeni mwa dari, nikanyunyiza poda ya mtoto juu ya ubao, nikakaa na tochi. Alipofika kwenye reli, karibu na pembe ya mbele, nikahesabu kama dakika nne, halafu nikaona mstari mweusi unachora njia katikati ya poda, mwembamba, unatambaa kama siafu. Nilipiga ukelele mtoto akaangusha kopo.

Nikataka kuhakikisha, nikafanya ya babu yako kwa upepo badala ya maji. Fundi wa magari aliniambia kwamba Marekani wana mashine ya kujaza hewa ndani ya trela, kisha wanapaka povu la sabuni nje na kutazama mapovu yanapotoka. Sisi tuliziba madirisha kwa nailoni na gundi ya karatasi, tukaweka feni mbili mlangoni zikipuliza ndani. Feni zetu si mashine, yalitoka mapovu machache tu, madogo kama mayai ya samaki. Lakini yalitoka palepale kwenye reli, mahali panne palipofuatana.

Reli ina mfereji, na mfereji umefunikwa kwa utepe wa plastiki. Jua la hapa limeukausha utepe ule ukawa kama ganda la muwa. Nilipouvuta ulikatika vipande mkononi. Chini yake ndipo zilipo skrubu, moja kila upana wa kiganja. Ya kwanza nikaitia bisibisi, ikazunguka bure. Ya pili ikatoka kichwa kitupu. Ya tatu ilitoka nzima, lakini mwili wake umelika, umebaki kama sindano ya cherehani. Hewa ya chumvi hiyo, na chuma kikigusana na alumini penye unyevu vinalana kama mume na mke wa nyumba ya pili. Kati ya skrubu 40, 17 zilikuwa zimekwisha. Nikachoma ubao wa chini yake kwa ncha ya bisibisi, ikazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Kipande cha dhiraa moja kimeoza, kinanuka uyoga.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alitaka tupake lami paa zima. Lami kwenye jua hili inapasuka, na siku ukitaka kutengeneza kwa haki utaanza kwa kuikwangua mwezi mzima. Mwengine akasema tujenge banda la makuti juu yake tusahau. Kivuli nakipenda, lakini jiko la mafuta ya kukaangia viazi chini ya makuti, sitaki. Tena ubao uliooza ungeendelea kuoza kivulini, raha mustarehe.

Fundi seremala niliyemwita alikuwa mzuri wa mikono ila ana haraka. Alikata kile kipande kilichooza, akaunga kipya kilichopigwa dawa, akataka kufunga siku hiyohiyo maana ana kazi Mambrui. Nikakataa. Ukifunga unyevu ndani umeupa nyumba. Tuliacha wazi siku tano, usiku turubai, mchana jua na feni. Siku hizo nilipika nje chini ya mvinje, na watu wakala sindano za mvinje ndani ya mbaazi bila kulalamika sana.

Sasa tuje kwenye silikoni yako. Nilipoingia siku ile ulipopaka nilidhani umemwaga achari, kwa ile harufu ya siki. Harufu hiyo ni tindikali, inatoka silikoni ikikauka, na alumini haiipendi. Kubaya zaidi, hakuna kitu kinachoshika juu ya silikoni, hata silikoni nyengine. Nilikaa nusu siku nikiikwangua pembeni mwa kidirisha kwa kijiti cha plastiki ili nisichubue bati, kisha nikapangusa kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Babu yako naye hakuweka kalafati mpya juu ya kuukuu. Ile pamba ya zamani aliichokonoa yote, hata kama chombo kina safari kesho.

Tulichotumia kwenye reli ni utepe wa butili, ule wa kijivu unaonata kama chingamu na hauwi mgumu miaka na miaka. Unaulaza chini ya reli, si juu yake, halafu skrubu za chuma kisichoshika kutu zinaubana mpaka utoke ukingoni kama siagi kwenye mkate. Usikaze yote kwa mkupuo. Unakaza kidogo, unaacha upumue kwenye jua, unarudi tena jioni. Kinachozidi unakikata. Ile dawa ya kuziba inayotiririka ni ya sehemu zilizolala bapa, kama paani; ya ubavuni iwe nzito isiteremke. Kidirisha nacho tulikitoa, tukakiwekea butili yake na raba mpya, ingawa hakikuwa na kosa.

Na juu ya paa, karibu na pembe ya nyuma, kuna bonde. Dadako anasema ni siku ile uliposimama bila ubao. Halivuji, lakini linahifadhi maji na sindano za mvinje, na sindano zikirundikana hapakauki. Nafagia kila Ijumaa.

Jumanne usiku ilinyesha na kusi, yale manyunyu ya kulala yanayopiga ubavu. Nilienda na taa nikakaa ndani peke yangu, nikaweka pakiti ya unga palepale chini ya kidirisha. Nilikaa mpaka adhana ya alfajiri. Nilitia mkono kwenye pakiti mara tatu.

Ukipata nafasi Mombasa, ninunulie mizingo miwili ya butili, ya upana wa vidole viwili; huku nilipata mmoja tu. Nataka kufanya reli ya upande wa bara kabla ya vuli, maana skrubu zake ni za umri uleule. Na uje mwenyewe wikendi moja, gurudumu linataka kuinuliwa na mimi siwezi jeki. Ukipanda juu vua viatu. Ubao wa kukanyagia uko nyuma ya banda la kuku.

Mamako