Karafuu za kulowekwa si mafuta ya karafuu

Mhariri,

Siku hizi madukani kuna vichupa vilivyoandikwa "mafuta ya karafuu", na ndani yake ni mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu. Kwa kuchulia mwili yanafaa sana. Lakini hayakupita kwenye mtungi wa kukenekea, yaani wa kutolea mafuta kwa mvuke, wala bei yake isiwe ya mtungi.

Kuyajua si kazi. Tia matone machache kwenye glasi ya maji, koroga, acha yatulie. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Ya nazi huelea. Ndiyo maana anayetumia chombo cha mchaichai cha kutenganishia mafuta na maji yaliyotoka mtungini hujikuta anamwaga mali: mafuta ya mchaichai huchotwa juu, ya karafuu hufunguliwa chini.

Kwa mikarafuu, njia inayofaa ni mvuke. Maji yachemke chini, makonyo (vikonyo vinavyoshikilia karafuu) yakae juu ya wavu bila kuyagusa. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa kilo 5 hadi 6 za mafuta. Za majani, kilo 2 au 3 tu. Karafuu zenyewe hutoa 15 na zaidi, ila nani azipike ilhali zina soko zikiwa kavu? Wapo wanaotumbukiza kila kitu majini ili kuokoa gharama ya wavu. Majani hugandia chini, huungua, na mafuta yote hunuka moshi. Wengine hushindilia mzigo, mvuke ukapata upenyo mmoja na kupita hapo hapo, huku sehemu kubwa ikibaki na mafuta yake. Moto ukizidi, maji ya kupozea nayo hupata moto, na mafuta hutoroka pamoja na mvuke. Baya kuliko yote ni pipa la chuma tupu. Yujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, ambayo katika mafuta ya makonyo aghalabu hufika asilimia 90, hushikana na chuma na mafuta huingia weusi wa zambarau. Tafuteni chuma kisichoshika kutu.

Si kila mmea unataka mvuke. Maganda ya machungwa hukamuliwa bila moto. Asumini huharibiwa na joto, hivyo viwanda huitoa kwa heksani, kimiminika cha kuyeyushia, ambayo huzoa pia nta na rangi. Gesi ya dioksidi ya kaboni ikitumiwa kuyeyushia, hutoa harufu iliyo karibu kabisa na ya mmea wenyewe, lakini hutaka mgandamizo zaidi ya mara 70 ya ule wa hewa. Hiyo si kazi ya uani.

Tunaomba lebo zitaje kama mafuta ni ya makonyo, ya majani au ya karafuu, na yametolewa vipi. Ya kulowekwa yaandikwe hivyo hivyo. Aliyezoea kupaka ya kulowekwa kwenye jino bovu, siku akipata ya mtungi na kuyapaka bila kuyapunguza makali, ataunguza ufizi.

Wasomaji wenu,
Chake Chake, Pemba