Lumeni 10,000 Ulizonunua Hazikupotea, Ziko Ukutani

Mteja mmoja ametuandikia kwa uchungu wiki hii. Chumba chake cha kushonea ni mita 4 kwa 5, na alitaka mwanga wa luksi 500 juu ya meza za cherehani. Tulimwandikia taa 21 za lumeni 1,000 kila moja; lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Akaingia mtandaoni, akakuta kikokotoo, akazidisha 500 kwa mita za mraba 20, akapata lumeni 10,000. Taa kumi. Kumi na moja zilizobaki, anasema, tulikuwa tunambambikia. Akanunua kumi, akamwita fundi mwingine amfungie, kisha akaazima kipima luksi: 290. Sasa anatuuliza kama taa alizouziwa ni feki.

Taa si feki, na kuzidisha hakukosea, kwa kuwa luksi moja ni lumeni moja iliyoenea kwenye mita moja ya mraba. Lakini ni lumeni iliyofika. Ile ya kwenye boksi ni inayotoka kwenye taa, na kati ya taa na kitambaa kuna safari. Chumba kile kina dari ya mbao nyeusi na kuta za kijani kilichokolea, na rangi za giza humeza mwanga. Tulipokwenda kukipima tuliandika kwamba asilimia 60 tu ya mwanga ndiyo itakayofika mezani. Lumeni 10,000 mara 0.6, gawanya kwa 20: luksi 300. Ile 290 aliyoipima tulikuwa tumeshampa kwenye karatasi kabla hajanunua hata balbu moja.

Tukakata tena asilimia 20, kwa sababu taa huchoka na kwenye chumba cha kushonea vumbi la nyuzi hukaa juu ya vifuniko. 0.6 mara 0.8 ni 0.48. Lumeni 10,000 gawanya kwa 0.48 ni 20,833. Hizo ndizo taa 21. Na katika karatasi hiyohiyo tulimshauri apake dari na kuta rangi nyeupe kwanza, tuhesabu upya, maana idadi ingeshuka. Anayetaka kukubambikia taa hakushauri ununue pungufu.

Kinachotuuma ni kwamba kuongeza taa sasa ni kazi kubwa kuliko ile ya mwanzo. Dari imeshatobolewa kwa mpangilio wa taa kumi, na mpangilio wa ishirini na moja hauangukii kwenye matundu yaleyale. Yatazibwa, yatatobolewa mengine, waya zitavutwa upya. Alichookoa kwenye taa kinamezwa na dari.

Hata hivyo huyo alikuwa na vipimo viwili vinavyokaribiana. Balaa kubwa zaidi ni kandela, ambayo hupima ukali wa mwanga kwa mwelekeo mmoja. Watu hutuuliza kila mara, "Lumeni 500 ni kandela ngapi?" Hatuwezi kujibu bila kujua pembe ya miali. Lumeni 500 zikibanwa kwenye pembe ya nyuzi 24 zinatoa takriban kandela 3,640. Zilezile zikifunguliwa hadi nyuzi 120 zinabaki 160 hivi. Kandela ukizigawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe, unapata luksi: ukutani mita 3 mbele, taa ya kwanza inatoa luksi 400 na ushee, ya pili haifiki 18. Tulimfungia mteja taa za pembe nyembamba kumulika picha zake. Moja ilipoungua akanunua yenye "lumeni zilezile" na kuipachika mwenyewe. Alitupigia akilalamika kwamba waya wetu unapoteza umeme. Waya haukuwa na kosa lolote. Kwenye boksi jipya iliandikwa nyuzi 120.

Umbali nao hausamehi. Taa hiyohiyo ukiipandisha kutoka mita 2 hadi 4, inayobaki pale ilipokuwa inamulika ni robo. Wengi hutarajia nusu.

Halafu kuna michoro inayotoka Marekani. Kule bado wanatumia futi-kandela, yaani lumeni moja kwenye futi moja ya mraba. Kwa kuwa mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.76, futi-kandela 1 ni luksi 10.76. Mteja wa maabara ndogo alikuwa na mchoro wenye namba 50 kwenye safu ya mwanga, akaichukua kuwa luksi na kununua taa kwa hesabu hiyo. Mchoro ulitaka luksi 538. Alinunua chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga uliohitajika, na tulipofika boksi zote zilikuwa zimeshafunguliwa.

Wati tutazigusa tu. Wati ni umeme unaoliwa. Balbu ya zamani ya waya, wati 60, ilitoa lumeni 800 hivi. LED nyingi hutoa hizo kwa wati 8 au 9. Hata wati moja ya mwanga wenyewe haina lumeni za kudumu, kwa sababu lumeni hupimwa kwa jicho la binadamu: kwenye kijani chenye mawimbi ya nanomita 555, wati moja ni lumeni 683, na kwenye nyekundu inashuka sana. Kwa hiyo usituletee wati ukitaka tukupe luksi.

Na kuna wanaopima luksi kwa simu. Kihisi kilicho juu ya kioo chake kiliwekwa kupunguza na kuongeza mwanga wa skrini, si kukagua kazi ya fundi. Ukiinamisha simu kidogo, au kichwa chako kikitupa kivuli, namba inaruka. Kipima chetu kina kuba jeupe linalopokea hata mwanga unaoingia kwa ubavu. Tunakilaza mezani, mapazia yamefungwa, taa zimewaka nusu saa, na tunapima nukta nyingi za chumba kisha tunatafuta wastani. Kwa hiyo, ndiyo, tunatoza ada ya kupima hata kama mwishoni hukutupa kazi. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na hatutaiondoa.

Kabla ya kuja kwetu, andika urefu, upana na kimo cha chumba, kimo cha meza, rangi ya dari na kuta, na kazi inayofanyika pale. Kama una mchoro, tuletee wenye ukurasa wa vipimo. Kama umeshanunua taa, tuletee na boksi zake, usizitupe.