Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Ramani za Kale Zirudi Kilwa Pamoja na Ngano Zake

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA KUONYESHA RAMANI ZA KARNE YA 16 KILWA KISIWANI

Kwa heshima kubwa ninaomba uelekeze kwamba wageni na wanafunzi wanaofika Kilwa Kisiwani, mji uliowekwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara, wakute hapo nakala nzuri za ramani za Ulaya zinazoonyesha pwani yetu, zikiwa na maelezo ya Kiswahili na bila kuondolewa ngano zilizochorwa juu yake.

Ianze picha ya mji wenyewe. Mwaka 1572, mjini Köln, Georg Braun na Frans Hogenberg walichapa juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha picha za miji ya dunia, na katika ukurasa mmoja wakaweka Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Mtazamaji asiyepewa maelezo atadhani anaiona Kilwa ya mwaka huo, ilhali kikosi cha Mreno Francisco de Almeida kilikwisha kuuteka na kuupora mji mwaka 1505, kisha kikaichoma Mombasa. Anachokiona ni habari za Wareno zilizopita mikononi mwa mafundi ambao hawakuwahi kufika huku.

Wapo watakaoshauri kwamba ngano zifutwe ili watoto wasipotoshwe, na ninakiri kwamba lile jitu la jicho moja ambalo Sebastian Münster alilichora magharibi mwa Afrika mwaka 1540 halina la kulitetea. Milima ya Mwezi ni jambo jingine. Ptolemy, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeandika katika karne ya 2 na ambaye habari zake za pwani hii hadi bandari ya kale ya Rhapta zilitoka kwa wafanyabiashara na mabaharia, alisema kwamba theluji ya milima hiyo huingia katika maziwa yanayoulisha Mto Nile. Kitabu chake kilipochapwa pamoja na ramani mjini Bologna mwaka 1477, milima hiyo ilienea katika ramani za Ulaya, ikachorwa kama ukuta mmoja mrefu. Ukuta huo haupo; maziwa yapo, na theluji ipo Ruwenzori na Kilimanjaro. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro, mabingwa wa jiografia wa London, waliokaa mezani, walimkatalia. Mwanafunzi akiyaona hayo ubaoni atajifunza kupima habari, si kuimeza wala kuitupa.

Ramani ya Abraham Ortelius ya mwaka 1573 nayo inafaa, kwa kuwa inamhusisha Mfalme wa Habeshi na Prester John, mfalme Mkristo wa hadithi ambaye Wazungu walianza kumtafuta Asia, na inaisukuma himaya yake hadi kusini mwa ikweta. Hapo ngano ilikuwa siasa: Ureno ilimtaka mshirika dhidi ya Waislamu, na ramani ikampa ardhi asiyokuwa nayo.

Kando ya hizo ninaomba yawekwe mapokeo ya Kilwa yenyewe, hasa kisa cha Ali bin Hasan wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Mwanahistoria Mreno João de Barros alichapa historia ya masultani wa Kilwa mjini Lisbon mwaka 1552, miaka 20 kabla ya ile picha ya Köln. Haitakuwa haki ngano za wageni zipewe fremu na za wenyeji zibaki midomoni.

Gharama si kubwa, kwani ramani hizi hazina tena hakimiliki na maktaba za nje zimeziweka mtandaoni. Kazi kubwa ni kufasiri maandishi ya Kilatini, ambayo wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaweza kuisimamia, huku wazee wa Kilwa wakishirikishwa tangu mwanzo na si siku ya uzinduzi tu.

Naomba kuwasilisha.