Barua ya wazi kwa shemeji yangu wa Maskati, kuhusu siga ndogo ya Kuba

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Ujumbe wako nimeupata, ule unaosema kwamba umezawadiwa kasha la Partagás Shorts, siga fupi za Kuba (siga ni ile sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku), na kwamba ulipolifungua ulihisi umepunjwa, kwa kuwa kila siga iliyokuwamo ilikuwa fupi kuliko kalamu yako ya wino. Nakujibu hadharani kwa sababu dhana hiyo naisikia kwa wengi na inanikera. Watu wanaamini kwamba siga ndogo ni ya mtu anayejifunza, au ya asiye na fedha, na kwamba utamu halisi wa Kuba umo katika zile ndefu na nene zinazoonekana kwenye picha za matajiri. Mimi nasema kwamba aliyekupa kasha hilo anaijua tumbaku.

Siandiki kumshawishi mtu yeyote aanze kuvuta. Wewe ni mvutaji tangu kabla hujaoa kwetu, na unajua kwamba moshi wa siga una madhara hata kwa asiyeushusha mapafuni, na kwamba hauvutwi ndani ya nyumba yenye watoto. Lakini maadamu utavuta, basi vuta kidogo, na ukijue unachokivuta.

Huko Kuba kila umbo la siga lina jina lake la kiwandani, ambalo mara nyingi si lile lililoandikwa kwenye kasha. Shorts yako kiwandani inaitwa Minutos: urefu wake ni milimita 110, na unene wake ni 42, yaani sehemu 42 kati ya 64 za inchi moja, ambazo hazifiki milimita 17. Ramón Allones Small Club Corona, siga ya chapa nyingine ya Kuba, nayo ni Minutos. Ukiziweka siga hizo mbili mezani bila pete zake za karatasi zenye jina la chapa, macho hayatakusaidia kuzitofautisha, kwa kuwa vipimo ni vilevile. Ukiziwasha ndipo utakapojua kwamba kilichobadilika ni mchanganyiko wa majani tu, na kwangu mimi hakuna somo la tumbaku lililo zuri kuliko hilo, kwa sababu ukubwa hauna tena nafasi ya kukupotosha.

Majani yenyewe hutoka zaidi katika mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa kisiwa, kwenye mashamba ya Vuelta Abajo yanayozunguka miji ya San Luis na San Juan y Martínez. Sisi tuliokulia Tabora tukisikia habari za kukausha tumbaku tunafikiria mabani yenye moto wa kuni chini. Kwa siga za Kuba moto hauhusiki: majani hutungwa uzi, hutundikwa kwenye miti ndani ya banda refu, na kuachwa yakauke kwa hewa kwa muda wa siku 50 hivi. Baadaye hurundikwa yapate kuchachuka, na rundo hujitia joto lenyewe huku likitoa harufu kali ya amonia. Jani la chini la mmea, volado, kazi yake ni kuisaidia siga iwake vizuri. Jani la katikati, seco, ndilo lenye manukato. Jani la juu, ligero, ambalo limepigwa na jua kuliko mengine, ndilo lenye nguvu, na hupumzishwa muda mrefu zaidi kabla ya kutumika. Jani la nje, capa, hulimwa peke yake chini ya vitambaa vinavyolikinga na jua, ili liwe jembamba na laini.

Hapa ndipo udogo unapoanza kuwa na maana. Kadiri siga inavyokuwa nyembamba, ndivyo jani la nje linavyochukua sehemu kubwa zaidi ya kila mvuto, kwa kuwa ndani yake majani ni machache. Katika siga nene, ladha ya jani la nje hufunikwa na wingi wa majani ya ndani. Katika Shorts unalipata ulimini tangu mwanzo. Kwa upande wa msokotaji kazi haipungui pia. Ndani ya wembamba ule inampasa apange majani yote marefu, yanayoanzia mdomoni hadi kwenye moto, bila kuliziba pito la hewa. Akikaza kidogo tu kupita kiasi, siga haivutiki. Tazama chini ya kasha lako: ukikuta maneno «Totalmente a mano», ujue siga zako zimesokotwa zote kwa mkono. Usizichanganye na vile visiga vyembamba vya kwenye vibati, ambavyo husokotwa kwa mashine kwa vipande vya majani vilivyokatwakatwa. Hizo ni bidhaa mbili tofauti, ingawa muuzaji anaweza kuzipanga kwenye rafu moja.

Na ukiambiwa kwamba wakubwa hawavuti vidogo, mkumbushe msemaji habari za John Kennedy. Katibu wake wa habari, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba mapema mwaka 1962 Rais alimwagiza amtafutie siga 1,000 za Kuba aina ya Petit Upmann, akazipata 1,200, na aliporudi asubuhi kutoa taarifa, Kennedy alifungua mtoto wa meza, akatoa hati ya kupiga marufuku bidhaa za Kuba kuingia Marekani, akaitia saini. Rais wa Marekani, ambaye angeweza kuagiza siga yoyote duniani kabla ya kuufunga mlango mwenyewe, aliagiza siga ndogo.

Sasa tuje kwenye kuvuta kwenyewe. Chagua saa ambayo umeshakula, ukae nje upepo ukiwa umetulia. Kata kofia ya siga, yaani kipande cha jani kinachofunika ncha ya mdomoni, juujuu tu, unene wa milimita mbili unatosha. Ukikata zaidi ya pale kofia inapoishia, jani la nje litaanza kufunguka mdomoni. Kabla ya kuwasha, vuta hewa tupu. Utapata utamu mkavu wa majani, na utajua mapema kama pito ni zuri. Washa kwa njiti ndefu, ukiisubiri kwanza kichwa chake kiungue hadi harufu ya kiberiti iishe, au kwa kiberiti cha gesi. Usitumie cha petroli. Weka moto karibu na ncha bila kuigusa, uizungushe siga taratibu mpaka ukingo wote uwe mwekundu, kisha ndipo uvute.

Mivuto ya kwanza ya Shorts haibembelezi. Pilipili manga hupanda moja kwa moja hadi puani, hasa ukipitisha moshi kidogo kwa pua wakati wa kuutoa, na nakusihi ujaribu hivyo hata mara moja, kwa sababu ulimi peke yake hauwezi kukupa zaidi ya ladha chache, kama chumvi, uchungu, uchachu na utamu. Baada ya pilipili kutulia huja harufu ya udongo ulionyeshewa, halafu kahawa iliyokaangwa sana, na nyuma ya kahawa hiyo kuna utamu mdogo wa kakao ambao wengi huupita kwa haraka. Ni huo ninaoutafuta mimi. Ukivuta zaidi ya mara moja kwa dakika, ncha itapata joto, moshi utakuwa mchungu, na ule utamu hutauona kabisa. Siga ndefu hukusamehe haraka, kwa kuwa moto uko mbali na mdomo wako. Siga ya milimita 110 inakudai uangalifu tangu dakika ya kwanza, na ndani ya nusu saa au dakika arobaini imeshasema yote iliyonayo. Ikifika mahali ambapo vidole vinahisi joto na ladha imebaki ukali mtupu, iweke chini ijizimie. Usiisage kwenye kisahani cha majivu kama sigara ya kawaida. Harufu yake itakaa hadi kesho.

Kuhusu kinywaji, nakushauri jambo ambalo huenda usilipende: kahawa ya huko yenye iliki iache kwa saa hiyo. Iliki hushika mdomo wote, na siga ndogo haina muda wa kushindana nayo. Kahawa chungu isiyo na kiungo chochote inafaa, na maji yanafaa zaidi.

Utunzaji ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu Maskati nje ni joto na ndani ni kiyoyozi kinachokausha kila kitu, na siga nyembamba hukauka kabla ya nene. Zitie katika chombo kinachofunga barabara, pamoja na vifuko vya kudhibiti unyevu vya asilimia 65, na ukiweke mahali pasipozidi nyuzi 20 hivi, maana joto huangua mayai ya mdudu wa tumbaku, na mdudu huyo hutoboa kasha zima. Chini ya kasha kuna mhuri wa mwezi na mwaka lilipofungwa. Kama ni la mwaka huu na siga ya kwanza ikakupa harufu ya amonia, ngoja miezi kadhaa kabla ya kuigusa nyingine; kosa si lako wala si la siga, ni uchanga tu.

Ukishaizoea hiyo, tafuta ile Ramón Allones niliyoitaja, uivute siku tofauti na saa ileile. Kwangu ina utamu wa matunda makavu ambao Partagás haina, lakini nisingependa kukuwekea ladha mdomoni. Niandikie ulichokipata wewe, na usisahau kunipa tarehe iliyo kwenye mhuri.

Wako katika undugu,
Shemeji yako