Jumamosi: filamu zetu za kwanza za kamera

Hamjambo wapendwa? Jumamosi tukutane saa tatu asubuhi, Bustani ya Jeevanjee, upande wa Moi Avenue.

1. Mchango ni shilingi 2,500: filamu moja ya HP5 (ya picha nyeusi na nyeupe) na dawa za kusafishia picha. Mtumie mweka hazina kufikia Alhamisi jioni.
2. Njoo na kamera, hata ile ya babu. Kipima mwanga kikiwa kimekufa, jua likiwaka tunaweka tundu la lenzi f/16 na kasi ya 1/500 ya sekunde.

Filamu tutaingiza pamoja, kivulini. Ukiisogeza, tazama kigurudumu cha kuirudishia: kikizunguka, imeshika. Nilipoteza picha 36 za harusi ya dada yangu kwa kutokitazama. Sitaki yeyote wenu apate uchungu ule.

Tafadhali jibu "Nipo" kufikia kesho usiku, na useme kama unahitaji kuazimwa kamera.