Mbwa mzee akianza kujikojolea, asihukumiwe kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye mbwa mzee, tena mgonjwa, ambaye juzi tu ameanza kulowesha pale alipolala. Katika nyumba nyingi hukumu hutoka haraka: amekwisha, hafai tena kulinda, atafutiwe sumu au akatupwe mbali. Wengine humchapa. Wengine humnyima maji. Yote hayo hufanyika kabla mtu hajauliza mkojo huo unatokaje, na jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kama mnyama atapona kwa vidonge au anapaswa kukimbizwa kwa daktari usiku huohuo.

Mwangalieni siku nzima. Mbwa anayeamka kwenye dimbwi, lakini mchana anakojoa vizuri na maji hanywi kuliko zamani, mara nyingi msuli unaobana mlango wa kibofu umelegea. Hali hiyo huwapata zaidi majike wenye umbo kubwa waliotolewa kizazi, miezi au hata miaka baada ya upasuaji. Mkojo humtoka usingizini bila yeye kujua, kwa hiyo kumchapa ni kumwonea. Zipo dawa za kukaza msuli huo na wengi hupata nafuu, ila mojawapo, fenilipropanolamini, hupandisha shinikizo la damu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo asipewe kwa kubahatisha.

Anayechuchumaa kila mara na kutoa kidogokidogo, mkojo ukiwa na damu au harufu kali, huenda ana maambukizi au mawe kwenye kibofu. Wa kuogopewa zaidi ni dume anayejikamua huku yakitoka matone tu. Watu husema "anavuja", kumbe njia imezibwa na mawe au tezi dume iliyovimba, na matone hayo ni ziada ya kibofu kilichojaa pomoni. Mkigusa taratibu tumbo la chini, mbele ya miguu ya nyuma, mtahisi kitu kigumu cha mviringo. Msikibonyeze, kinaweza kupasuka. Mkojo usipotoka, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Huyu hasubiri asubuhi.

Kama anayumba au anaburuta kucha za miguu ya nyuma, msimamishe, kunja unyayo mmoja wa nyuma ili upande wa juu wa unyayo huo uguse sakafu. Mbwa mzima huurudisha mara moja. Akiuacha hivyo, tatizo laweza kuwa kwenye uti wa mgongo, wala si kwenye kibofu.

Kisha pimeni maji. Mtengeni na mbwa wengine, mpeni maji kwa chupa ya lita moja na nusu mkihesabu anayokunywa kwa saa 24, na mrudie siku ya pili. Mbwa wa kilo 20 hunywa takriban lita moja au zaidi kidogo. Akipita lita mbili, yaani mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, kuna jambo. Anayekula ugali uliolowekwa mchuzi hupunguza kunywa maji, na mabaki yenye chumvi huongeza kiu, kwa hiyo chakula nacho kiandikwe. Kiu hiyo hutokana na figo zinazochoka, kisukari, au dawa anazotumia: prednisoloni ya muwasho na furosemaidi ya moyo zote huongeza mkojo. Msizikatishe ghafla, mwambieni daktari apunguze kiasi au abadili saa. Jike ambaye hajatolewa kizazi, akianza kiu kali wiki chache baada ya siku zake za joto, yaani za kutaka dume, akitapika au kutoa usaha ukeni, mfuko wake wa uzazi huenda umejaa usaha, na hilo ni la dharura. Kumnyima maji mbwa wa aina hii ni kumuua, kwa sababu figo zake hupoteza maji hata asipokunywa.

Mkojo wa rangi ya chai nzito ukiambatana na homa na fizi nyeupe huelekeza kwenye ugonjwa wa kupe unaovunja chembe nyekundu za damu. Huyo naye apelekwe siku hiyohiyo.

Mkojo wa kupima ukingeni asubuhi kwa upawa wa mpini mrefu, mkiacha wa kwanza upite. Utieni kwenye chupa safi na kavu, ufike kliniki ndani ya saa moja, la sivyo ukae kwenye friji na upelekwe siku hiyo. Vijiti vya kupimia mkojo wa binadamu husaidia kwa sukari, damu na protini. Sehemu ya chembe nyeupe na ya uzito wa mkojo haiaminiki kwa mbwa. Tunawaomba maofisa mifugo wa kata wawe navyo. Mkojo uchukuliwe kabla ya sindano yoyote. Tabia ya kukimbilia duka la dawa za mifugo na kumchoma mbwa dawa ya ng'ombe inatusikitisha sana: jentamaisini huumiza figo zilizokwisha kulegea, na ibuprofeni au diklofenaki za nyumbani huleta vidonda vya tumbo na kuziua figo kabisa.

Wakati matibabu yanaendelea, mtoeni nje kila baada ya saa mbili au tatu, na kila anapoamka au kumaliza kula. Tandikeni nailoni chini, magazeti juu yake, kisha blanketi jepesi linalopitisha unyevu; saruji tupu huleta vidonda vya kulalia. Asiyeweza kuinuka ageuzwe ubavu kila saa nne. Punguzeni manyoya ya nyuma, mwosheni kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, mkausheni, mpakeni mafuta ya mgando kidogo. Krimu za watoto zenye zinki msitumie, atazilamba zimdhuru. Nepi ya mtoto iliyotobolewa tundu la mkia inafaa, mradi ibadilishwe kila saa tatu au nne. Matandiko yafuliwe na kukauka kabisa juani, kwa sababu kuna nzi wanaotaga kwenye nguo mbichi na udongo wenye mkojo, na mabuu yao hupenya ngozi ya mbwa na ya watu. Sakafu ioshwe kwanza kwa maji mengi ndipo itiwe klorini. Klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu.

Vaeni glavu. Homa ya mgunda, iliyosikika sana Lindi mwaka 2022, hupita kwenye mkojo wa wanyama, na mbwa ana chanjo yake.

Na ikiwa vipimo vimefanyika, maumivu hayatulii, hali chakula wala hainuki, basi aletwe afe kwa utulivu kwa sindano ya daktari, mwenye mbwa akiwa karibu. Sumu ya kwenye nyama humtesa kwa muda mrefu, na mbwa wa jirani aliye mzima huila pia.

Wahudumu wa afya ya wanyama,
Moshi